OpenDSS kwa mtafiti wa gridi: ni ya bure na ina uwezo, ila ikague kabla ya kuitegemea kwenye tasnifu

Anayeanza uzamili au uzamivu wa umeme wa nguvu, mada yake ikiwa sola za juu ya paa, betri, pikipiki za umeme au mita janja, hukutana na swali moja mapema sana: gridi yake ataiigiza kwa programu gani? Leseni za programu za kulipia ni ghali, na mara nyingi hufungwa kwenye kompyuta za maabara. Ukimaliza shahada unaiacha leseni pale, pamoja na modeli uliyoijenga kwa miaka mitatu. Kwa anayetaka kubaki chuoni, afundishe na aendelee kuchapisha, hilo ni pigo kubwa. Kwa sababu hiyo tumeamua kuipima OpenDSS, programu ya bure ya kuigiza mitandao ya usambazaji wa umeme, kwa jicho la mtafiti wa njia za usambazaji za huku kwetu.

Ilianza kuandikwa mwaka 1997 katika kampuni ya Electrotek Concepts ya Marekani, Roger Dugan akiwa miongoni mwa walioibuni. EPRI, taasisi ya utafiti wa umeme ya huko huko, iliichukua mwaka 2004, na mwaka 2008 ikaiachia wazi kwa leseni huria ya BSD. Hulipi kitu, msimbo wake unausoma, na unaondoka nayo popote uendapo.

Sifa yake kubwa ni kwamba haichukulii fezi tatu kuwa sawa. Kila fezi ina hesabu yake, nyutro ina yake, na mteja wa fezi moja anaunganishwa pale hasa alipo. Laini ya mtaani yenye nyumba arobaini fezi ya kwanza, kumi na tano ya pili na ishirini na mbili ya tatu haiwezi kuchunguzwa kwa programu inayokokotoa fezi moja kisha kuzidisha kwa tatu. Juu ya hapo kuna vifaa vya sola, betri, inveta na vidhibiti vyake, na uwezo wa kuendesha mtandao saa kwa saa mwaka mzima. Kwa utafiti wa gridi janja upande wa usambazaji, hatujaona ya bure inayoifikia.

Usitarajie kuchora. Mtandao unauandika kwa maandishi, mstari kwa mstari, na ukitaka ramani lazima ulete faili la viwianishi kwa amri ya Buscoords. Wengi hukata tamaa siku ya kwanza kwa hilo. Baada ya wiki mbili linakuwa faida, kwa sababu modeli ni faili la maandishi: unalinganisha la leo na la jana, unamtumia msimamizi, na unaliweka hadharani pamoja na makala.

Anza na mitandao ya majaribio ya IEEE, chama cha kimataifa cha wahandisi wa umeme, inayokuja nayo. Ule wa nodi 13 unaendeshwa kwa dakika moja, na majibu yake yamechapishwa, kwa hiyo unajua mara moja kama umeiweka vizuri. Kisha nenda moja kwa moja kwenye mtandao wa Ulaya wa msongo mdogo: basi (maungio ya mtandao) 906, wateja 55, hezi 50, kila mteja na mzigo wake wa dakika kwa dakika. Huo unafanana zaidi na mtaa wa Dar es Salaam au Nakuru kuliko mitandao ya Kimarekani yenye transfoma ndogo ya fezi moja kwa nyumba chache.

Sasa tuingie kwenye shida, na hii ndiyo inayotufanya tuandike. Programu hii imejaa thamani zinazokuja nazo, ambazo hazikuulizi wala hazikuonyi. Zilichaguliwa kwa mitandao ambayo volteji haishuki sana. Kwetu inashuka.

Mzigo wa kawaida, model=1, unasomeka kwamba unachukua kW na kvar (kipimo cha nguvu isiyofanya kazi halisi) ulizoandika bila kubadilika. Lakini kila mzigo una Vminpu, yaani kikomo cha chini cha volteji kikiandikwa kama sehemu ya volteji ya kawaida (pu), na usipoiandika ni 0.95. Volteji ikishuka chini ya hapo, OpenDSS haiushiki tena mzigo bila kubadilika, bali inaupunguza kadiri volteji inavyoanguka, ili hesabu isikwame. Ni uamuzi wa busara kihesabu, lakini kwa laini ndefu ya kijijini unaharibu matokeo. Chukua laini ya kV 33, kilomita 80, waya wa Rabbit, ukinzani r1=0.543 na riaktansi x1=0.4 omu kwa kilomita, kapasitansi c1 na c0 sifuri, na mzigo wa MW 2 wenye kipengele cha nguvu 0.9 mwishoni. Ukiuacha Vminpu wa awali, mzigo unapokea takribani MW 1.76, volteji inasomeka karibu 0.89 na upotevu kwenye laini ni kama kW 190. Weka vminpu=0.7, endesha tena: mzigo ni MW 2 kamili, volteji 0.88, upotevu karibu kW 257. Tofauti ya volteji ni ndogo kiasi kwamba hutashtuka. Lakini kwa Vminpu wa awali upotevu umeonekana mdogo kwa robo nzima, na kama tasnifu yako inahusu kupunguza upotevu kwa kapasita au sola, umejenga juu ya namba isiyokuwepo.

Hatusemi kila mzigo uwe wa nguvu isiyobadilika. Balbu ya nyuzi na pasi hupungua volteji ikishuka, mota hazifanyi hivyo. Ukiwa na vipimo tumia model=8, ambayo inapokea vigezo saba kwenye ZIPV: vitatu vya kW, vitatu vya kvar, na cha mwisho ni volteji ambayo chini yake mzigo unazimika. Muhimu ni wewe uamue, siyo programu. Na baada ya kila uendeshaji linganisha jumla ya kW za mizigo uliyoandika na zile zilizotoka. Zisipolingana, tafuta sababu kabla ya kuchora grafu yoyote.

Kosa linalofuata kwa wingi ni kV ya mzigo wa fezi moja. Kwa fezi tatu unaandika volteji ya fezi kwa fezi, 0.4. Kwa mteja wa fezi moja unaandika ile inayomfikia, 0.23. Ukimwandikia 0.4, programu inaona volteji yake ni 0.58, inamhesabu kama aliye gizani, na kW 2 zake zinakuwa karibu theluthi. Mtandao mzima utaonekana mzima wa afya. Kenya angalia zaidi: transfoma huandikwa 11/0.433 huku volteji ya kawaida ni 0.415, kwa hiyo bila mzigo utasoma 1.043, na hiyo si hitilafu. Kumbuka pia Set voltagebases ikifuatiwa na Calcvoltagebases; ukizisahau, volteji za pu zitakazotoka hazina maana.

Vipimo vya urefu navyo. LineCode (maelezo ya aina ya waya) ikiwa units=km na laini ukaiandika length=450 bila units, programu inadhani ni kilomita 450. Hilo angalau linaonekana, kwa sababu volteji inaporomoka. La hezi halionekani: programu huanza na hezi 60. Ukiwa umeandika omu za riaktansi mwenyewe, hutaona tofauti. Ukitumia WireData na LineGeometry (data ya waya na mpangilio wake nguzoni) ili ikukokotolee, riaktansi inatoka juu kwa asilimia 20. Andika Set DefaultBaseFrequency=50 mstari wa kwanza kabisa, kabla ya kifaa chochote. Thamani hiyo huhifadhiwa kwenye kompyuta, kwa hiyo faili lisilo na mstari huo litatoa majibu sahihi kwako na tofauti kwa mhakiki wa jarida.

Transfoma: usipoandika %noloadloss, yaani upotevu wake ikiwa bila mzigo, ni sifuri. Vijijini, ambako transfoma ya kVA 100 inalisha nyumba chache, upotevu huo unakwenda saa 24. Wati 250 tu ni kWh 2,190 kwa mwaka kwa transfoma moja. Chukua namba kwenye cheti cha majaribio cha mtengenezaji, ugawe kwa kVA, uandike asilimia.

Kuendesha kwa muda kuna utaratibu wake. Ukiandika mode, programu inarudisha idadi ya hatua kwenye ya kawaida, kwa hiyo Set mode=daily hutangulia, kisha stepsize=15m number=96. Ukigeuza, utapata hatua 24 badala ya 96. Mzigo wenye daily= pekee, ukiendesha yearly, utarudia LoadShape (mkunjo wa mzigo) hiyo ya siku moja kila siku mwaka mzima. Data ya jua nayo: PVGIS ya Umoja wa Ulaya hutoa saa kwa UTC, nasi tuko saa tatu mbele. Usipoisogeza, jua lako litakuwa kileleni saa tatu asubuhi, na kilele cha jioni kitakuwa mbali na jua linalochaji betri kuliko ilivyo.

Data ya mizigo ndiyo inayotesa zaidi, na hapa OpenDSS ina msaada usiojulikana sana. Rekodi za LUKU, au za tokeni za Kenya, zinakuambia mteja alinunua kWh ngapi na siku gani. Hazikuambii alizitumia saa ngapi. Ukizigawa kwa siku thelathini umepata wastani, na wastani hauna kilele. Njia inayokubalika ni hii: chukua rekodi ya ampea za kila fezi kwenye kituo cha kupoza umeme saa ya kilele, weka EnergyMeter (mita ya ndani ya programu) mwanzo wa njia ukiipa peakcurrent hizo, andika kila mzigo kwa xfkva, yaani kVA ya transfoma yake, kisha amri ya AllocateLoads igawanye. Rudia amri hiyo hadi ampea za mwanzo wa njia zilingane na zilizopimwa. Kinachobaki kuthibitisha ni volteji mwisho wa njia. Hata mita moja ya kurekodi iliyofungwa wiki moja kwenye nguzo ya mwisho inaipa makala yako uzito ambao uigaji mtupu hauna.

Kwa sola, angalia kVA ya inveta. Paneli za kW 5 kwenye inveta ya kVA 5 hazibakizi nafasi ya var (ile nguvu ya kvar) jua likiwa kali: kutegemea kipaumbele ulichoweka, ama udhibiti wa volteji kwa var unakaa bure mchana, ama wati zinakatwa. Inveta ya kVA 5.5 inabakiza kvar 2.3 hata kW 5 zikitoka zote. InvControl, kidhibiti cha inveta, ikianza kuyumba, ikigoma kutulia na kutoa ujumbe kwamba mizunguko ya udhibiti imeisha, usikimbilie kuongeza maxcontroliter (kikomo cha mizunguko hiyo). Punguza deltaQ_factor (ukubwa wa kila hatua ya kubadilisha var), mathalani 0.2, au legeza mteremko wa mkunjo. Mara nyingi inveta mbili jirani kwenye laini dhaifu zinasukumana.

Utafiti wa bahati nasibu, kama kuweka sola kwenye nyumba tofauti mara elfu moja ili kujua laini inabeba kiasi gani, unahitaji Python. Kwenye Windows kuna COM, njia ya Python kuzungumza na OpenDSS, na anayepata ujumbe kwamba darasa halijasajiliwa kwa kawaida amechanganya Python ya biti 32 na injini ya 64. Kwenye Linux au Mac tumia OpenDSSDirect.py, inayowekwa kwa pip na kuja na injini yake. Usifanye Compile (amri ya kusoma faili la mtandao) ndani ya kila mzunguko. Soma mtandao mara moja, kisha badilisha kW za PVSystem tu. Pia Compile huhamisha folda ya kazi kwenda lilipo faili lako, na wengi hutafuta CSV za matokeo mahali zisipokuwepo.

Haifai kwa kila kitu. Haitafuti mgawanyo bora wa uzalishaji. Kwa hilo pandapower ya Chuo Kikuu cha Kassel na Fraunhofer IEE, au MATPOWER iliyotoka Cornell na inayoendeshwa hata kwa GNU Octave ya bure, ni chaguo zuri zaidi. Radi, mawimbi ya kuwasha swichi na undani wa vifaa vya elektroniki vya inveta vinahitaji programu za aina ya PSCAD. Uthabiti wa gridi ya taifa nzima nao si kazi yake. Ukiwa bado hujachagua mada, chagua ukijua hivyo: anayetaka kuishi kitaaluma kwenye njia za usambazaji atapata hapa zana ya maisha, anayetaka msongo mkubwa atafute pengine.

Mada zipo. Sheria ya Nishati ya Kenya ya 2019 imefungua mlango wa mteja kurudisha umeme wa sola kwenye gridi, na kanuni zake zikafuata 2024. Swali la laini gani itabeba kiasi gani linahitaji watu wa kulijibu kwa namba za laini halisi. Majarida hayakatai kazi kwa kuwa imefanywa na OpenDSS. Yanakataa kazi ambayo mhakiki hawezi kuirudia.

Kwenye kiambatisho cha tasnifu andika toleo la programu, na kama ni injini ya EPRI au ya DSS-Extensions, mradi wenye OpenDSSDirect.py, maana haziko sawa kila kitu. Andika Vminpu na aina ya mzigo, DefaultBaseFrequency, thamani za MVAsc3 na MVAsc1 (nguvu ya shoti ya fezi tatu na ya fezi moja) za chanzo ulizozipata kituoni, kwa kuwa usipoziandika utapewa 2000 na 2100, ambazo kwa kituo kidogo cha wilayani ni kubwa kupita kiasi. Mwisho weka jedwali la volteji ulizopata kwenye nodi 13 za IEEE kando ya zile zilizochapishwa.