Tenisi ya kulipwa: mmoja mmoja au wawili wawili?

Fedha na jina viko kwenye mmoja mmoja, hilo halina ubishi. Ila mwili ndio unaolipa. Kwenye mashindano manne makubwa wanaume hucheza hadi seti tano, na pumzi ikikata hakuna wa kukufunika. Pale Wimbledon mwaka 2010, John Isner na Nicolas Mahut walivutana saa 11 na dakika 5, kwa siku tatu. Isner alishinda.

Wawili wawili ni kazi nyingine kabisa. Unalinda nusu ya uwanja, na mashindano mengi ya ATP, chama cha tenisi ya kulipwa ya wanaume, yamefuta seti ya tatu, badala yake mnakimbizana hadi pointi 10. Ndiyo maana Rohan Bopanna wa India alitwaa Australian Open 2024 akiwa na miaka 43. Zawadi ni ndogo, tena mnagawana. Halafu kuna mwenzako: kabla ya kila pointi mnanong'onezana, mpira umeziba mdomo, mkipanga nani avamie wavu. Mkinuniana, mpinzani anaona.

Mimi ningeanza peke yangu, magoti yakilalamika nihame. Mahut mwenyewe, 2016, akawa namba moja duniani katika wawili wawili.