Kalamu ya brashi ya Pentel kwa mchora katuni za maisha yake

Mtu anayechora katuni za tawasifu huuchora uso mmoja, wake mwenyewe, mara mamia: akiwa usingizini, akibishana na mama yake, akisubiri basi. Anachohitaji ni kifaa kitakachompa mstari uleule leo na miezi sita ijayo, awe mezani, kwenye foleni au kitandani, bila kopo la maji na chupa ya wino pembeni. Kwa kipimo hicho, kalamu ya brashi iitwayo Pentel Pocket Brush inastahili kuwa ya kwanza kununuliwa. Ila inunuliwe kwa ajili ya michoro tu. Kwenye herufi inaangusha.

Sifa yake kubwa ni ncha. Kalamu nyingi zinazouzwa kwa jina la brashi zina kipande kilaini kilichochongwa, ambacho huanza vizuri kisha karatasi hukisugua hadi kinakuwa butu. Hii ina nyuzi za nailoni, moja moja, kama brashi ya kweli, na kila unapoinua mkono zinarudi kuwa kali. Kwa ncha yenyewe unachora ukope; ukikandamiza, mstari unanenepa hadi unajaza nywele nzima au giza la chumba kwa mapigo machache. Mkono wa mgeni hutetemeka mwanzoni, kwa sababu nailoni ina mrukio zaidi kuliko manyoya ya mnyama. Dawa ni kuvuta mstari kwa bega na kiwiko badala ya vidole, na kuigeuza karatasi ili kila mkunjo uelekee upande mkono unaoupenda.

Ukiifungua mara ya kwanza, fungua mwili wa kalamu, toa kipete cha plastiki kama kipo, sukuma katriji (kijichupa cha wino cha ndani) hadi uisikie ikiingia, kisha iache kalamu ikae ncha chini kwa dakika kadhaa. Wino usiposhuka, minya katriji taratibu sana huku umeshika karatasi chakavu chini ya ncha. Hapa ndipo wengi wanapoharibu: wanaminya kwa nguvu, nyuzi zinafurika, na tone linaangukia ukurasa. Ikishafurika, futa kwa kitambaa kikavu na chora mistari mirefu kwenye karatasi ya kutupa hadi mtiririko utulie.

Wino wake ni wa pigmenti, yaani wa chembe ndogo za rangi zisizoyeyuka. Ukikauka haukimbii kwa maji, kwa hiyo unaweza kupaka rangi ya maji juu yake bila mistari kuchafuka. Neno la kushika ni “ukikauka”. Kwenye karatasi nene laini, ile inayopendwa kwa sababu mstari unakaa safi, wino unakaa juu ya uso badala ya kunyonywa, na sehemu nyeusi kubwa inaweza kukwangurika au kupakika hata pale unapodhani imeshakauka. Ukipitisha kifutio kuondoa penseli, weusi unapauka na kuwa kijivu. Njia ya uhakika ni kuchora rasimu kwa penseli ya samawati hafifu na kutoifuta kabisa. Ukishaskani, unaiondoa rangi hiyo kwenye programu. Karatasi yenye mkwaruzo kidogo hukausha haraka zaidi, na ukipitisha brashi kwa kasi inakupa mstari uliochanika, mzuri kwa sweta ya sufu na nywele za mzee.

Sasa herufi. Katuni za tawasifu zina maneno mengi, maana msimulizi hazungumzi kwenye viputo vya maneno tu. Anasimulia pia juu ya kila kisanduku cha mchoro. Wengi huchora kwa mara moja na nusu ya ukubwa wa kuchapwa, kisha ukurasa unapunguzwa hadi asilimia 67 wakati wa kuchapa. Herufi ya milimita 3 inabaki milimita 2, na matumbo ya “a” na “e” yaliyoandikwa kwa brashi yanaziba. Tumia kalamu ya wino wa pigmenti yenye ncha ya milimita 0.5 kwa maandishi, na uandike maneno kwanza, kiputo kifuate. Anayechora kiputo kwanza huishia kubana maneno ya mwisho ukutani.

Kuna waliolikwepa tatizo la kupunguza kwa njia nyingine kabisa. Mchora katuni Art Spiegelman, katika Maus, alichora kisa cha baba yake aliyenusurika Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi, kwa ukubwa uleule wa kuchapwa, kwa kalamu ya wino ya kawaida, kwenye karatasi ya taipureta, na makosa akayafunika kwa wino mweupe wa kufutia makosa ya taipu. Alitaka ukurasa ukaribie mwandiko wa mkono. Kwa kazi ya namna hiyo Pentel ni nene mno. Kwenye kisanduku cha sentimita 5 huwezi kuchora watu wanne nayo bila nyuso kugandana. Mchora katuni Lynda Barry naye, katika kitabu chake cha mwaka 2002, One! Hundred! Demons!, alitumia brashi na wino wa kusagwa kwenye jiwe, na ule upole wa kusaga ni sehemu ya namna anavyoita kumbukumbu zije. Ukiwa na hitaji hilo, katriji haitakusaidia: inakupa wino kabla kumbukumbu haijafika.

Na kalamu haikuundii mkao wa mwili. Mchora katuni Alison Bechdel alijipiga picha katika mikao ya wahusika wake, kamera ikiwa imetegwa ijifyatue yenyewe, na kitabu chake cha mwaka 2006, Fun Home, kilimchukua miaka saba. Brashi hii hulipa vizuri kazi ya maandalizi kama hiyo, kwa sababu haisamehe: ukishusha mstari wa bega bila kujua mkono unapoelekea, unene wake utakusema.

Kwenye skana, chagua nukta 600 kwa inchi kwa rangi au kijivu, kisha geuza kuwa nyeusi na nyeupe mwenyewe. Mashine ikikufanyia, mistari iliyochanika inaliwa.

Nyuzi moja ikichomoza pembeni, usiivute. Ikate kwa mkasi mdogo karibu na mzizi. Ncha yote ikipinda, ichovye kwenye maji ya moto yasiyochemka kwa sekunde chache, inyooshe kwa vidole, iache ipoe. Katriji tupu hujazwa tena kwa sirinji, ila kwa wino wa pigmenti uliotengenezwa kwa kalamu za wino. Wino wa chupa wenye sheliki (utomvu unaokauka kama vanishi), ule wa nibu za kuchovya, hugandia kwenye mfereji wa ndani, na hapo hata kuosha hakurudishi kalamu.