TAHADHARI kwa wachoraji: mwaliko wa Venice unaoanza na pongezi na kuishia na ankara

Wachoraji wenzangu, someni hii kabla hamjalipa chochote. Kuna ujumbe umeanza kuzunguka tena. Watu watatu ninaowafahamu wameupata ndani ya wiki mbili, mmoja yuko Arusha na wawili wako hapa Dar, na mmoja wao alikuwa ameshaanza kukusanya pesa. Unaanzia Instagram kwa sifa: kamati yetu imeziona kazi zako, zina nguvu, umechaguliwa kushiriki maonesho ya kimataifa mjini Venice, Italia, wakati wa Bienale, yale maonesho makubwa ya sanaa ya kila baada ya miaka miwili. Baada ya siku mbili inakuja barua pepe yenye nembo ya dhahabu na mkataba wa kurasa sita. Ankara iko ukurasa wa mwisho.

Mimi nililipa, mwaka 2024. Naeleza yote, hata yanayoniuma, maana nimegundua wengi wamelizwa na watu wa aina hii na wamekaa kimya kwa aibu.

Waliniambia nafasi ya mchoro mmoja usiozidi sentimita 80 kwa 60 ni euro 950, lakini nikilipa ndani ya saa 72 itakuwa 650. Hiyo ilikuwa zaidi ya milioni moja na laki saba za kwetu. Sikuwa nazo. Mama alinidhamini kwenye kikoba chake, akinamama wakanipigia vigelegele, mweka hazina akasema kati yetu sasa kuna mtu anakwenda Ulaya. Nikatuma. Kisha nikalipa usafirishaji wa mchoro mwenyewe, karibu laki nne, kwa sababu mkataba ulisema mzigo ni jukumu la msanii. Hilo peke yake lilitosha kunishtua, ila nilikuwa nimeshaanza kuota.

Mwaka ule ule Tanzania ilikuwa inaingia Bienale ya Venice na banda lake kwa mara ya kwanza, na habari hizo zilikuwa zinasikika. Nikaunganisha mwenyewe vitu viwili ambavyo hakuna mtu aliyeniambia vinahusiana. Ndivyo wanavyofanya kazi. Hawakuandika popote kwamba wao ni Bienale. Waliandika "wakati wa Bienale". Bienale yenyewe, iliyoanza mwaka 1895, inafanyika Giardini na Arsenale, na mataifa mengine yanakodi majumba mjini. Lakini miezi hiyo mji mzima unajaa wageni, na yeyote mwenye chumba anaweza kukipangisha kwa yeyote.

Mtoto wa shangazi yangu anasoma Padova, si mbali na Venice kwa treni. Nikamwomba akanipigie picha. Alizunguka sana kuitafuta anwani. Alikuta ukumbi mdogo, mlango umefungwa, saa tisa mchana siku ya Jumamosi. Akarudi Jumapili, akakuta kumefunguliwa, hakuna mgeni zaidi yake na mama mmoja mzee aliyeingia kukwepa mvua. Michoro ilikuwa imebanana ukutani juu mpaka chini, zaidi ya sabini alizohesabu. Wangu ulikuwa usawa wa magoti, karibu na kifaa cha kuzimia moto. Kibandiko kilisema natoka Tasmania. Maonesho yote yalidumu siku tatu.

Baada ya hapo zikaja barua za kudai. Euro 280 za kurejesha mchoro, la sivyo gharama ya kuhifadhi ni euro 15 kwa siku. Sikuwa na kitu tena. Mchoro uko kwao mpaka leo, au wameshautupa, au wameuuza. Nilipewa cheti cha ushiriki cha kuchapisha mwenyewe.

Nilipokwenda kwa wakili, alisoma mkataba akaniambia jambo ambalo nataka kila mtu alishike: hawa walitoa walichoandika. Waliandika watautundika mchoro, wakautundika. Waliandika siku tatu, zikawa siku tatu. Walichoniuzia ni upangishaji wa ukuta, wakauvisha nguo ya heshima. Neno "umechaguliwa" ndilo bidhaa yao. Hakuna aliyechaguliwa, kwa sababu hakuna aliyekataliwa. Rafiki yangu mmoja alijaribu mwezi uliopita kwa kuwatumia picha ya ukuta wa choo chake uliopakwa rangi nusu. Kamati ikajibu siku hiyo hiyo kwamba kazi yake ina nguvu.

Sasa tuelewane jinsi mambo ya kweli yanavyokwenda, kwa sababu tapeli anaishi kwenye giza la kutojua. Masoko makubwa ya sanaa tunayoyasikia, kama Art Basel iliyoanza Uswisi mwaka 1970, au 1-54 ambayo Touria El Glaoui aliianzisha London mwaka 2013 pale Somerset House kwa ajili ya sanaa ya Afrika, ni kama Sabasaba. Wenye mabanda ni galari, yaani nyumba zinazoonesha na kuuza kazi za wasanii. Galari ndiyo inayoomba nafasi, inachujwa na kamati, inalipia banda, inasafirisha kazi, na mchoro ukiuzwa inachukua fungu lake, mara nyingi nusu. Nusu inauma, najua, lakini maana yake ni kwamba wasipouza na wao wamekula hasara. Aliyekuchukulia euro 650 kabla hajatundika chochote ameshapata faida yake. Hana sababu ya kumwalika mnunuzi hata mmoja. Mnunuzi ni wewe.

Kwa hiyo mtu akikwambia atakupeleka Art Basel au 1-54, muulize: kwa galari gani? Galari zinazoshiriki hutangazwa kwenye tovuti ya soko lenyewe, kwa majina. Fungua tovuti hiyo wewe mwenyewe, usibonyeze kiungo alichokutumia. Na angalia maneno yanayozunguka jina. "Wiki ya Art Basel Miami" si Art Basel Miami Beach. Wiki ile ya Desemba mji ule una maonesho mengine chungu nzima, mengine ya heshima kabisa, mengine ni kuta za kupangisha kama iliyonipata mimi. Neno bienale nalo halina mwenyewe. Mimi na wewe tunaweza kuanzisha bienale kesho Mbagala na hakuna wa kutukamata.

Bienale ya Venice, ile yenyewe, haina ukurasa wa mchoraji kulipia nafasi. Mratibu mkuu anaalika wasanii wake, na mabanda ya nchi yanaandaliwa na nchi zenyewe. Uganda ilipoingia mara ya kwanza mwaka 2022, ilipeleka Acaye Kerunen na Collin Sekajugo, na banda lao likatajwa kwa heshima na majaji. Lakini hata mlango wa nchi umewahi kuchezewa, na majirani zetu wanalijua hilo vizuri. Mwaka 2013 banda lililobeba jina la Kenya lilijaa wasanii kutoka China na Italia, Wakenya wakiwa wachache mno. Mwaka 2015 ikaelekea kuwa hivyo hivyo. Wasanii wa Nairobi hawakunyamaza safari ile. Waliandika, walikusanya saini, Michael Soi akachora mfululizo mzima wa picha kuhusu aibu ile, mpaka serikali ikajitenga na banda hilo. Nawaheshimu sana kwa hilo.

Nisieleweke vibaya, si kila ada ni wizi. Yapo maonesho ya wazi yanayotoza pesa kidogo ya kupokea maombi. Maonesho ya kiangazi ya Royal Academy kule London, yanayofanyika kila mwaka tangu 1769, yanatoza ada kwa kila kazi unayowasilisha. Tofauti ni hii: pale wanalipa wote kabla ya kuchujwa, na wengi wanakataliwa. Ukisifiwa kwanza, ukaambiwa umeshachaguliwa, ndipo ukadaiwa mamia ya euro na saa inahesabiwa, kimbia.

Kuna na huyu mwingine, nimtaje kwa haraka. Anajifanya mnunuzi, mara nyingi anasema mke wake ameupenda mchoro wako, na hababaiki na bei. Anatuma hundi iliyozidi, au picha ya muamala wa benki uliozidi, kisha anaomba umtumie "wakala wa usafirishaji" ile ziada. Hundi itarudi ikiwa haina kitu na pesa yako itakuwa imekwenda. Usirudishe ziada ya mtu hata siku moja kabla benki haijakuthibitishia, kwa mdomo wa mfanyakazi wake, kwamba fedha zimeingia na haziwezi kurudi.

Ukipata mwaliko na huna uhakika, usiamue peke yako usiku na simu mkononi. Upeleke Nafasi Art Space, kile kituo cha wasanii pale Mikocheni, Dar, muulize msanii yeyote aliyewahi kusafiri na kazi, au waulize BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa. Tafuta majina ya walioshiriki mwaka uliopita na uwaandikie wawili watatu moja kwa moja. Mimi sikufanya hivyo. Nilipofanya baadaye, dada mmoja wa Lusaka alinijibu ndani ya dakika kumi: "Na wewe pia?"

Kama umeshalipa kwa kadi siku za karibuni, nenda benki leo hii ukapinge muamala, usingoje wakujibu. Mchoro kama hujautuma, usiutume. Hifadhi kila ujumbe.

Na ombi langu kwa ndugu mlioko Italia. Mchoro wangu ni wa rangi ya mafuta, una akinamama wanne wa Feri wakikaanga samaki alfajiri, mmoja amejifunga kanga ya bluu na amempa mtazamaji mgongo. Nyuma ya turubai, kona ya chini kushoto, nimeandika kwa penseli jina la mama yangu, Mwanaidi. Ukiuona popote, sokoni au mtandaoni, piga picha unijulishe. Deni la kikoba nimelimaliza mwezi wa tatu. Mchoro bado nautaka.