Uzoefu wangu: vifaa vya nyumba ya wageni ya vyumba sita Jambiani kabla ya kufungua

Nyumba ni ya ghorofa moja, vyumba vitatu chini na vitatu juu, kila kimoja na bafu lake, karibu na ufukwe wa Jambiani, Unguja. Inauza malazi na chai ya asubuhi tu. Ninachotathmini hapa ni vitu vilivyofungwa kabla mgeni wa kwanza hajaingia, na kipimo changu ni kimoja: saa moja asubuhi, vyumba vyote sita vikiamka pamoja. Kifaa kikijaribiwa peke yake hufaulu karibu kila mara. Fundi atafungua bomba moja, maji yatatoka kwa kishindo, atapokea hela yake na kuondoka. Wageni kumi na wawili wakifungua kwa pamoja ndipo utajua ulichonunua.

Nianze na maji, na hapo nitakaa kidogo. Mgeni wa pwani huoga asubuhi, huoga akitoka baharini, huoga tena kabla ya kulala. Nakadiria lita 150 hadi 200 kwa kichwa kwa siku, hivyo nyumba ikijaa ni lita 2,000 na ushei, kufua mbali. Kuna simtanki la lita 5,000 chini na jingine la lita 2,000 juu ya mnara wa zege. Mnara wa chuma ni wa haraka kuujenga, lakini upepo wa kusi huupiga upande huu wa kisiwa moja kwa moja na kuja na chumvi ya bahari. Sehemu zilizochomelewa ndizo huoza mwanzo, na lita 2,000 ni tani mbili zinazoning'inia juu ya vichwa vya watu.

Mnara peke yake hautoshi kwa vyumba vya juu. Kila mita moja ya kimo cha maji hutoa presha ya takriban bar 0.1. Tangi limekaa mita 6 kutoka ardhini. Shawa ya chini iko kwenye mita 2, inapata bar 0.4, mtu ataoga ingawa kwa subira. Shawa ya juu iko kwenye mita 5, inapata bar 0.1, na hayo ni matone tu. Kwa hiyo kuna pampu ya presha ya kilowati 1.1 inayovuta kutoka tangi hilo la juu.

Kwenye pampu ndipo wengi wanapopigwa. Kibandiko kinasema lita 90 kwa dakika na mita 45. Namba hizo mbili hazitokei kwa wakati mmoja: lita 90 ni pale pampu inapomwaga bila kupandisha maji popote, na mita 45 ni pale maji yanaposimama kabisa ndani ya bomba. Ukitaka bar 2.5 zinazoweza kuogesha watu juu, pampu hii inabaki na kama lita 50 kwa dakika. Muuzaji akishindwa kukuonyesha mchoro unaoonyesha mtiririko kwa kila kimo, nenda duka jingine. Shawa za kawaida za lita 12 mara sita ni lita 72, haiwezi. Dawa yake rahisi si pampu kubwa zaidi, ni vichwa vya shawa vya lita 8 kwa dakika: sita kwa nane ni 48. Kupima ni ndoo ya lita 20 na saa. Fungua shawa zote sita, kisha kinga ndoo kwenye chumba cha juu kilicho mbali zaidi na pampu. Ikijaa ndani ya dakika mbili na nusu, una lita 8 zako. Ikizidi dakika tatu na nusu, usifungue biashara bado.

Tangi la presha la lita 24 linapata alama zote kwangu, mradi lijazwe upepo sawasawa, na mafundi wengi huliacha kama lilivyotoka dukani. Pampu imepangwa iwake ikishuka bar 1.5 na izime ikifika 3. Upepo ndani ya tangi unatakiwa uwe bar 0.2 chini ya pale pampu inapowaka, yaani 1.3, kama 19 kwenye kipimo cha matairi kinachosoma psi. Pima maji yakiwa yametolewa yote, la sivyo unapima presha ya maji. Likiwa sawa, hutoa kama lita 8 kabla pampu haijaamka, kwa hiyo mtu akivuta choo saa nane za usiku mara nyingi nyumba hubaki kimya. Pampu ikianza kuwaka na kuzima kila baada ya sekunde chache, upepo umeisha au mpira wa ndani umepasuka. Pampu ifunge juu ya mpira mnene, mbali na ukuta wa chumba cha kulala.

Maji ya moto sasa. Hita ndogo za kwenye shawa, zile za kupasha papo hapo, sikuzichukua, kwa sababu mbili. Moja ni umeme: ya kilowati 5.5 inakula ampea 24, na sita zikiwaka pamoja ni kilowati 33, zaidi ya ampea 140. Hakuna laini ya fezi moja ya nyumba inayobeba hivyo. Ya pili ni chumvi. Maji ya visima vya ukanda huu wa mawe ya matumbawe yana chumvi kiasi, na hita ambayo waya wake wa joto uko wazi ndani ya maji hugeuza maji hayo kuwa njia ya umeme. Zipo zilizotengenezwa kwa maji ya chumvi, waya wake umefunikwa. Ukilazimika, chukua hizo tu, na erthi iwe ya kweli.

Zilizofungwa ni boila za lita 50, kilowati 1.5 kila moja. Zote sita zikiwaka ni kilowati 9, ampea 39. Kutoka nyuzi 27 hadi 60 boila moja huchukua kama saa moja na robo. Ukichanganya hadi nyuzi 39 za kuogea, unapata kwenye karatasi lita 137. Kwa vitendo hesabu 100, maana maji baridi yanayoingia hupoza yaliyobaki. Kwa shawa ya lita 8 hizo ni dakika 12, watu wawili wanaoga bila kugombana. Wa tatu angoje. Usishushe joto chini ya 60 kwa kubana matumizi, kwani maji ya uvuguvugu yanayokaa tangini hukuza bakteria.

Boila nazipa alama nne kati ya tano. Inayokatwa ni kwa ajili ya matunzo: ndani kuna fimbo ya magnesiamu inayojitoa kuliwa badala ya tangi, na maji ya chumvi huila upesi. Ifungue kila miezi sita; ikibaki nyembamba kama kalamu, badilisha. Pia valvu ya usalama itadondosha maji boila ikipasha. Ni kawaida, lita 50 zikipashwa hivyo huongezeka zaidi ya nusu lita. Ipelekee kibomba hadi kwenye mfereji. Fundi akitaka kuiziba kwa sababu "inavuja", mkatalie. Boila isiyo na pa kupumulia ni bomu ukutani. Na hakikisha maji ya moto na ya baridi yanatoka kwenye pampu ile ile. Ya moto yakitoka kwenye pampu na ya baridi kwenye mnara, yenye nguvu yataisukuma dhaifu na mgeni ataungua.

Kwenye kisanduku cha umeme kila boila ina swichi yake ya kukata umeme unapovuja, ya miliampea 30. Swichi moja kwa nyumba nzima ni nafuu siku ya kununua, lakini boila moja ikivujisha kidogo vyumba vyote vinazima, na huwezi kujua ni ipi bila kuzunguka na bisibisi. Pima erthi kwa mashine, usikubali neno la fundi: kwenye jiwe la matumbawe fimbo moja ya erthi mara nyingi haitoshi.

Unguja inapata umeme kwa kebo ya baharini kutoka bara. Njia hiyo ilipoharibika Desemba 2009 kisiwa kilikaa gizani kama miezi mitatu; kebo mpya ya megawati 100 ilikuja 2013, hali ni nzuri zaidi, ila umeme bado hukatika. Kwa saa hizo kuna inveta, kifaa cha kugeuza umeme wa betri kuwa wa nyumba, ya kilowati 5 na betri ya lithiamu ya kilowati-saa 5. Kilowati 3 zingetosha taa na feni, lakini pampu inapoanza huvuta mara kadhaa ya kiasi chake cha kawaida na inveta ndogo huzima. Feni sita za wati 60, taa za wati 200, friji na kifaa cha intaneti hufika karibu wati 700, hivyo ni kama saa sita. Boila na viyoyozi usiviunganishe humo kabisa.

Vyuma vya bafuni: nunua vya shaba nyeupe ya nikeli au stenlesi ya daraja la 316, si 304. Sumaku haikusaidii kutofautisha 304 na 316, ulizia cheti au duka linaloaminika. Vile vyepesi vinavyong'aa sana ni aloi ya zinki, na msimu mmoja wa kusi unavimaliza. Vitasa vitiwe unga wa grafaiti. Mafuta hunasa mchanga.

Kitanda. Kila chumba kina semadari, kitanda cha nguzo nne, na hapa kuna jambo ambalo maseremala hawaliulizi. Godoro la futi 6 kwa 6 lina urefu wa sentimita 183, na hicho ndicho kimo cha wastani cha mwanamume wa Kiholanzi. Semadari ina ubao miguuni, kwa hiyo hawezi hata kutoa nyayo nje. Agiza futi 6 kwa 6 na nusu kabla mbao hazijakatwa. Chaga ziachane sentimita 7 au pungufu, na katikati pawe na boriti yenye mguu unaogusa sakafu. Viungo viwe vya boliti, visiwe vya misumari peke yake, maana mbao zikikauka hulegea, na mlio wa kitanda husikika chumba cha chini.

Godoro lipime kwa mizani. Maneno kama "hevi dyuti" kwenye kitambaa hayana maana. Uzito una maana. La futi 6 kwa 6.5, inchi 10, lina ujazo wa mita za ujazo 0.92. Likiwa na uzito wa kilo 32 kwa kila mita ya ujazo, linatakiwa kuwa na kilo 29 hivi. La kwanza dukani lilikuwa kilo 21, yaani kama 23 kwa mita ya ujazo: hilo litabonyea katikati kabla ya mwaka. Duka linalokataa mizani limeshajibu.

Mashuka ni ya pamba tupu, meupe, sentimita 290 kwa 310 ili yaingie chini ya godoro pande zote. Yafue kabla ya kutandika, pamba hunywea hadi asilimia tano. Seti tatu kwa kitanda zinatosha kiangazi. Masika ongeza ya nne, kwani hayakauki. Suuza ya mwisho ifanywe kwa maji ya mvua, sabuni haitoki vizuri kwenye maji ya chumvi na shuka hubaki gumu kama ubao. Taulo za gramu 500 kwa mita ya mraba ndizo mwisho. Za 700 ni tamu kuzishika dukani, kisha zinanuka uvundo kwa sababu hazikauki.

Chandarua kifungwe ndani ya nguzo za semadari, mzunguko wa mita 9, na kishuke sentimita 30 chini ya usawa wa godoro. Juu pawe wavu vile vile. Kitambaa kizito huzuia upepo wa pangaboi, na mgeni atakifungua usiku kutafuta hewa, mbu wakaingia. Feni ya ukutani upande wa miguuni inafanya kazi kuliko pangaboi.

Nyumba mpya ina maji ndani ya kuta. Kabla ya rangi, bandika karatasi ya nailoni ya nusu mita kwa nusu mita, ziba kingo zote kwa utepe, acha siku moja. Ikitokwa jasho kwa ndani, ngoja. Ukipaka mapema, chumvi itatokeza na rangi itavimba, zaidi sentimita 50 za chini. Vyumba visivyotumika pia hunuka kwa sababu nyingine: maji kwenye kona ya bomba la sakafuni yamekauka na harufu ya karo, yaani shimo la maji taka, inapanda. Mwaga lita mbili kila wiki. Karo lenyewe lijazwe maji kabla ya matumizi, na liwe mita 30 au zaidi kutoka kisimani, kwani nyufa za matumbawe hupitisha maji bila kuyachuja.

Intaneti: kuta za mawe hula mawimbi. Vuta waya hadi kila ghorofa na uweke kisambazaji huko, usitegemee kimoja cha mapokezi.

Jikoni, jiko la mafiga mawili halitoshi. Watu kumi na wawili hufika mezani ndani ya nusu saa moja, na chapati, mayai na maji ya chai vinagombea moto. Mafiga manne, mitungi miwili ya kilo 15 nje ya ukuta, na kiunganishi cha kuhamisha kutoka mmoja kwenda mwingine, kwa sababu gesi huisha mayai yakiwa kwenye kikaango. Mpira wa gesi usizidi mita moja na nusu. Paka povu la sabuni kwenye viungo, likichemka kuna tundu. Trei moja ya mayai 30 ni asubuhi moja tu nyumba ikijaa, kwa hiyo kubaliana na muuzaji alete kila jioni, na vitumbua vipikwe na jirani anayevijua.