Falaji ya Daris, Nizwa: usiishie ngomeni
Wageni wengi wa Nizwa, Oman, huishia ngomeni na sokoni. Hasara! Falaji (mfumo wa jadi wa mifereji ya maji) ya Daris, moja ya falaji 5 za Oman zilizoingizwa urithi wa dunia na UNESCO mwaka 2006, bado inamwagilia mitende. Maji hutoka kisima mama, yaani kisima cha chanzo, na kupita handakini kwa mteremko mdogo mno: ukizidi, maji hula kingo, ukipungua, tope hutuama, njia ikaziba. Ndiyo maana kuna mashimo ya mafundi kushukia kuzibua. Ya kunywa huchotwa kwanza, mashamba baadaye. Zamu za maji hupimwa kwa kipimo kiitwacho athari, yaani nusu saa. Zamani kwa kivuli mchana, nyota usiku. Kasoro: kazi kubwa imefichika ardhini, mgeni huona mfereji wa wazi tu. Kiangazi, nenda alfajiri.