Steringi kutetemeka na gari kuvuta upande: uzoefu wangu na tairi mpya na alaimenti hapa Kampala

Hii naandikia wenye Wish, Premio, Spacio, Fielder na hizi Toyota ndogo zote tunazoendesha Uganda, haswa wewe ambaye steringi imeanza kusumbua na kuna mtu ashakuambia ununue raki, ule mtambo unaogeuza magurudumu ukizungusha steringi. Ngoja kwanza. Mimi niko na Toyota Wish, saizi ya tairi 195/65R15, na safari yangu kubwa ni Kampala kwenda Tororo na Malaba kwa watu wetu, ile barabara ya Mukono, Lugazi, Mabira mpaka Jinja halafu Iganga, na unajua vile malori ya kontena na ya miwa yameikanyaga.

Gari ilikuwa na mambo matatu kwa mpigo na hapo ndipo wengi tunachanganywa, maana kila moja lina chanzo chake. Ikifika 80 mpaka 100 hivi steringi inatetemeka mkononi, ukipita hapo inatulia. Ukilegeza mkono kidogo inavuta kushoto. Na kwenye tuta au shimo unasikia ko-ko-ko huko chini. Garaji ya kwanza fundi hakuweka hata jeki, alizungusha steringi gari ikiwa imesimama akasema raki imekwisha, lete milioni na kitu. Sikutoa hata shilingi. Mtu anayekutajia spea ya milioni bila kugusa gurudumu bado hajapima chochote.

Nikaenda Ndeeba kwa fundi mwingine, mzee mmoja mtulivu ambaye rafiki yangu humpelekea teksi zake. Nikaanza kueleza, akaniambia, "Nyabo (yaani mama), acha kwanza nisome tairi, halafu utanieleza." Akalala chini na tochi akapitisha kiganja kwenye meno ya tairi za mbele, kwenda na kurudi. Ya kushoto ilikuwa imeliwa upande wa ndani tu, na ukipapasa upande mmoja wa meno ni laini ule mwingine unakwaruza. Akanieleza kwamba hiyo ni tairi inayokwenda ikiburuzwa kidogo kidogo kwa sababu haiangalii mbele sawasawa. Ikiliwa katikati ni upepo mwingi, ikiliwa pembeni zote mbili ni upepo mdogo, na ikiwa na mabonde mabonde ya kupandana basi angalia shokapu. Nimeendesha gari miaka na hakuna mtu alikuwa amewahi kunionyesha hayo kwa mkono.

Ndo akaweka jeki. Akashika gurudumu kushoto na kulia, kama saa tatu na saa tisa za saa ya ukutani, akalitikisa, likacheza na mlio ukasikika. Hiyo ni tai rodi, fimbo inayounganisha raki na gurudumu, au rakindi, kiungo chake kule ndani. Akashika juu na chini akatikisa tena, kimya, maana yake boljointi (kiungo cha kuzunguka kinachoshika gurudumu) na beringi ziko sawa. Halafu akaingiza mtaimbo kwenye ule mkono wa chini unaoshika gurudumu, loa amu, akauinua kidogo, bushi ya nyuma, ile raba ya kiungo, ikaonekana imepasuka kabisa. Kwa hiyo tai rodi endi ya kushoto na bushi, basi. Raki haikuwa na shida yoyote, haivuji, haichezi. Spea na kazi vyote pamoja havikufika hata robo ya ile milioni.

Sasa hapa sikiliza vizuri. Baada ya kufunga vitu vipya akapanga magurudumu kwa kamba, kwa muda tu ili gari iweze kutembea, tukaenda kujaribu Northern Bypass asubuhi kabla ya jam. Ko-ko-ko imeisha. Kutetemeka bado kuko. Kuvuta kushoto kumepungua lakini bado kupo. Mimi nilitaka twende moja kwa moja kwenye mashine ya alaimenti, ile ya kupima na kunyoosha mwelekeo wa magurudumu, mzee akakataa, akasimamisha gari mahali pazuri akabadilisha tairi za mbele, ya kushoto akaipeleka kulia na ya kulia akaileta kushoto. Tukarudi barabarani, gari ikaanza kuvuta KULIA. Basi hiyo ni tairi yenyewe, na mashine yoyote ya alaimenti ungeilipa ingekutolea karatasi ya kijani, yaani vipimo vyote sawa, na gari ingeendelea kuvuta. Kama kuvuta kungebaki upande uleule ndo ungetafuta alaimenti, au breki iliyoshika. (Jaribio hili usifanye kama tairi zako zina mshale wa mwelekeo ubavuni, hizo haziruhusiwi kuzunguka kinyume.) Na jaribu mahali pa sawa, kwa sababu sisi tunaendesha kushoto na barabara zimeinama kushoto ili maji yatoke, kwa hiyo gari nzima kabisa inaweza kutelezea kushoto polepole na isiwe ugonjwa.

Tulipotazama zile tairi za mbele vizuri, ubavuni zimeandikwa STUDLESS. Zilikuja na gari kutoka Japani nilipoitoa bondi, yaani yadi ya magari yaliyoagizwa. Hizo ni tairi za theluji, mpira wake umetengenezwa uwe laini kwenye baridi ya chini ya digrii 7, na Kampala lini ulisikia digrii 7? Kwenye lami yetu ya joto zinaisha haraka, gari inayumba kwenye kona na breki ya mvua inakuwa mbaya. Kwa hiyo ukitoa gari bondi tafuta hilo neno, au majina kama Blizzak, iceGUARD au Winter Maxx. Ni tairi nzuri sana huko kwao Hokkaido, hapa si mahali pake. Tangu 2018 sheria yetu inakataza kuingiza gari ya miaka 15 na zaidi, tunahesabu umri wa gari vizuri kabisa, halafu tairi ndo zinabeba watoto na umri wake hatuulizi.

Umri unasomwa hivi: tafuta DOT ubavuni, tarakimu nne za mwisho ni wiki na mwaka. Duka la kwanza nililoingia walinitolea tairi "mpya", nywele zake za mpira bado zipo, inang'aa, nikainama nikasoma 1118, yaani wiki ya 11 ya mwaka 2018. Nikawashukuru nikatoka. Michelin wenyewe wanashauri tairi ikitumika miaka mitano ianze kukaguliwa na fundi kila mwaka, na ikifika kumi tangu itengenezwe itolewe hata kama meno yapo. Mitumba nayo nilipitia, bei inavutia kweli, lakini nyingine zimepakwa rangi na nyingine zimechongwa meno upya kwa kisu cha moto, na ukichonga unapunguza mpira uliobaki juu ya nyuzi. Na barabara ya Mabira mvua ikinyesha mimi sitaki kucheza.

Muuzaji mwingine alinipa 185/65R15, eti inaingia kwenye rimu hiyohiyo na ni rahisi. Inaingia kweli. Lakini yangu ni 91H na ile ni 88H, na hiyo namba si pambo: 91 ni kilo 615 kwa tairi moja, 88 ni kilo 560. Wish inabeba watu saba, na ukitoka kijijini na matooke, mahindi na kuku huwezi kumwambia shangazi abaki. Zidisha tofauti hiyo mara nne uone uzito uliopoteza.

Mwishowe nikachukua Bridgestone Ecopia nne, 195/65R15 91H, zilizotengenezwa mwaka uleule nilionunua, 320,000 kila moja baada ya kuongea sana. Inauma mfukoni, siwezi kuficha. Ila kwenye mvua zinashika vizuri, steringi imekuwa nyepesi na kelele ndani ya gari imepungua mpaka nasikia redio. Kwenye murramu kavu hakuna shida, kwenye tope la kijijini ni kama tairi yoyote ya lami, nenda polepole.

Balansi (kusawazisha uzito wa gurudumu) na alaimenti nilifanya mahali pa mashine ya kamera, elfu 70 zote pamoja, na hawa nawapa tisa kwa kumi. Kwanza walijaza upepo PSI 32 kama kibandiko cha mlangoni kinavyosema kabla ya kupima chochote. Pili walitikisa magurudumu kuhakikisha hakuna kinachocheza, maana alaimenti juu ya tai rodi iliyolegea ni pesa ya kutupa, tuta la kwanza linaiharibu. Tatu walifunga steringi ikiwa imenyooka na wakanipa karatasi ya kabla na baada. Kwenye hizi gari mbele kinachorekebishwa kawaida ni tou tu, yaani magurudumu kuangaliana, kwa hiyo ukilipishwa bei ya "kurekebisha kemba", yaani gurudumu kuinama ndani au nje, uliza wamefungua nati gani. Ile pointi moja nimeitoa kwa sababu walikaza nati za magurudumu kwa bunduki ya upepo bila kumalizia na spana ya kupima, nikaomba wamalizie kwa mkono wakafanya bila maneno.

Kutetemeka kuliisha na balansi. Kumbuka tu kwamba ukihisi mtetemo kwenye steringi ni magurudumu ya mbele, ukiusikia kwenye kiti angalia ya nyuma, na kama unakuja pale unapokanyaga breki tu hiyo ni diski, tairi haihusiki. Ukisikia uvumi unaoongezeka na mwendo na unabadilika ukikata kona, beringi. Ta-ta-ta ukigeuza steringi mpaka mwisho, CV jointi, kiungo cha ekseli inayozungusha gurudumu. Hizo sikuzipata mimi lakini mzee alinitajia zote akinawa mikono na omo.

Saa hii gari inakwenda imenyooka Njeru mpaka Iganga. Bushi ya kulia mzee alisema bado ina uhai kidogo ila iangaliwe, kwa hiyo nitakapozungusha tairi mbele na nyuma zikifika kilomita 10,000 nitapita kwake aipime tena na ule mtaimbo. Mwenye kujua mahali pa kupata bushi orijino za Wish hapa Kampala aniambie na bei.