Canon EF 50mm f/1.8 STM: lenzi moja inatosha

Begi langu sasa lina kamera na lenzi moja tu, hii ya milimita 50, na picha zangu ni bora kuliko nilipokuwa nabeba zumu mbili, yaani lenzi zinazovuta kitu karibu.

Ni lenzi ndogo, gramu 160 hivi. Ilitoka 2015. Toleo lililoitangulia lilikuwa na kitako (sehemu inayoshika kwenye kamera) cha plastiki, hili lina cha chuma, na linafokasi kitu kilicho sentimita 35 badala ya 45. Ukipiga picha ya mikono ya mtu anayeshona, hizo sentimita kumi utazipenda.

Kinachofunza hasa ni kwamba haivuti. Unataka uso ujaze fremu? Sogea. Unataka na mlango uonekane? Rudi nyuma. Jicho likishazoea upana ule ule kila siku, unajua pa kusimama hata kabla ya kuinua kamera. Tena huwezi kumpiga mtu picha kwa mbali kimyakimya. Lazima umkaribie, umsalimu, mzungumze kidogo. Uso unalegea, na hapo ndipo picha inapopatikana. Kwangu hilo limezidi somo lolote la vifaa.

Halafu mwanga! Zumu ya kawaida ya 18-55 ikivutwa hadi mwisho hufunguka f/5.6 tu (namba ya f ikiwa ndogo, tundu la lenzi ni kubwa). Hii ikiwa f/1.8 inaingiza mwanga karibu mara kumi. Chumbani jioni, pale ambapo shata ya sekunde 1/20 ingemtia ukungu mtoto anayegeuka, unapiga kwa 1/200 na ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) ile ile. Ila usiishi f/1.8. Ukiwa karibu, jicho moja litatoka kali na la pili litafifia. Mimi uso mmoja naupiga f/2.8, watu wawili f/4.

Haina kituliza mtikisiko. Ringi ya fokasi inaendeshwa kwa umeme, kwa hiyo kamera ikiwa imezimwa ukiizungusha haibadilishi kitu.

Kabla ya kununua, angalia sensa ya kamera yako, kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga. Kwenye APS-C ya Canon, yaani sensa ndogo, 50 inabana kama lenzi ya 80 kwenye sensa kubwa (full-frame): tamu kwa nyuso, lakini kwenye chumba kidogo mgongo utafika ukutani na watu bado hawajaenea. Kama ndivyo ilivyo, na kazi zako nyingi ni za ndani, chukua EF-S 24mm f/2.8 STM inayoona pana zaidi, hii ya 50 uiache dukani.